Akina Sykes wa Yorkshire: babu mmoja au vijito vingi?

Wakuu, juzi kijiweni jamaa mmoja kaweka kikombe cha kahawa chini, kaapa kwamba kila anayeitwa Sykes ana damu moja ya Kiingereza. Nikabisha. Naleta hoja hapa mnisaidie.

Jina lenyewe limetoka majini. Kaskazini mwa Uingereza, "sike" ni kijito chembamba, ambacho mara nyingi ndicho mpaka wa shamba na shamba. Aliyeishi kando yake aliitwa kwa hicho kijito, kama sisi tunavyosema Juma wa Mtoni. Na ngome kuu ya jina hilo ni Yorkshire ya magharibi, Huddersfield na mabonde yake, nchi ya vilima na mvua ambako vijito havihesabiki. Kwa hiyo waliosoma nyaraka za kale walitarajia kwamba jina lilizuka sehemu nyingi, kila kijito na Sykes wake.

Mwaka 2000 Bryan Sykes, mtaalamu wa jenetiki wa Oxford, akapima wanaume 48 wenye jina kama lake. Kromosomu Y, kipande cha vinasaba walicho nacho wanaume tu, hutoka kwa baba kwenda kwa mwana, na jina la ukoo kule hupita njia hiyohiyo. Karibu nusu yao walikutwa na alama zilezile kwenye kromosomu hiyo, ambazo majirani wasio Sykes hawakuwa nazo. Akahitimisha kwamba babu ni mmoja, wa miaka 700 iliyopita. Waliobaki je? Akasema huenda ni matokeo ya watoto wa nje, asilimia 1.3 kwa kila kizazi.

Hapo ndipo naposhindwa kumeza. Alama alizopima ni nne tu. Halafu hiyo nusu nzima isiyofanana, kwa nini wote wawe watoto wa nje? Si ajabu wengine babu yao alikuwa jirani wa kijito cha pili.

*

Mkuu, naomba kutofautiana kidogo. Unasahau kwamba koo hufa. Ukiwa na mabinti watupu, jina lako limeishia hapo, na miaka 700 ni vizazi zaidi ya ishirini. Wanaweza kuanza akina Sykes kumi, tisa wakapotea, mmoja akajaza bonde zima. Turi King na Mark Jobling, watafiti wa Chuo Kikuu cha Leicester, walipima wanaume 1,678 wa majina 40, wakatoa matokeo 2009: majina adimu yanafanana sana damu, lakini akina Smith, yaani wahunzi, wanatofautiana kama watu waliookotwa barabarani. Mhunzi alikuwepo kila kijiji, bwana.

*

Mnahangaika na Yorkshire wakati jibu la kijiweni liko Kariakoo. Mzee Sykes Mbuwane alikuwa Mzulu kutoka Msumbiji, akaja na jeshi la Mjerumani Wissmann wakati wa vita vya Abushiri. Sykes lilikuwa jina lake yeye, likaja kuwa la ukoo kwa watoto na wajukuu. Mwanawe Kleist, aliyezaliwa 1894, ndiye katibu wa kwanza wa African Association, chama cha Waafrika kabla ya TANU, 1929. Wajukuu Abdulwahid na Ally wakawa miongoni mwa waasisi wa TANU, 1954. Sasa Kleist ni jina la Kijerumani. Huyo jamaa yako wa kahawa atasema mzee Kleist alikuwa Mjerumani kwa jina la kwanza na Mwingereza kwa la pili?

*

Mleta mada narudi. La Kariakoo nimelibeba, kesho nalipeleka na kahawa nalipa mimi. La koo kufa pia nakubali, lakini mkuu hapo juu, angalia ulichosema: ukianza na kumi akabaki mmoja, bado jina lilizuka mara kumi. Profesa alimpata aliyesalia, akamwita mwanzilishi. Hapo mimi na wewe tunabishana nini?

*

Tunabishana kuhusu ile nusu nyingine. Wewe unawapa babu wa kijito cha pili, mimi nawapa mama zao siri zao.