Picha za Lisa Bellear: zifunguliwe kwa wote, au familia ziamue kwanza?

Wakuu, naomba tulijadili hili. Lisa Bellear (1961–2006) alikuwa Mwaborijini, yaani wa wenyeji wa asili wa Australia: mshairi, mtangazaji wa redio ya jamii 3CR jijini Melbourne, mtetezi wa watu wake. Walipokusanyika, iwe kwenye maandamano, sherehe au mambo ya kifamilia, alikuwepo na kamera. Ameacha maelfu ya picha, na mwaka 2016 Koorie Heritage Trust, taasisi ya Melbourne inayotunza urithi wa Waaborijini, ilizifanyia maonyesho.

Je, hazina kama hii iwekwe mtandaoni yote, wazi kwa yeyote?

Mimi nasema familia kwanza. Katika jamii nyingi za Waaborijini sura ya marehemu haionyeshwi ovyo wakati wa maombolezo, ndiyo maana televisheni za huko hutanguliza onyo. Sheria nayo haiwasaidii: hakimiliki ni ya mpigapicha na warithi wake, miaka 70 baada ya kifo, yaani hadi mwisho wa 2076. Aliyepigwa picha hana lake. Watu walimruhusu Lisa kwa sababu alikuwa mwenzao. Mgeni mwenye simu hawakumruhusu.

Mchangiaji wa kwanza:
Mleta mada, sikubaliani nawe. Lisa mwenyewe ni miongoni mwa watoto wa Kiaborijini ambao serikali za Australia ziliwatenganisha na jamaa zao, wakalelewa na wazungu. Mtu wa aina hiyo ataombaje ruhusa kwa familia asiyoijua? Mwaka 1866 Charles Walter aliwapiga picha wakazi wa Coranderrk, makazi ya Waaborijini karibu na Melbourne. Leo vitukuu wao wanawatambua wazee wao humo. Zingefungiwa kabatini, nani angewajua? Ukificha picha unamwumiza yuleyule unayetaka kumlinda.

Mchangiaji wa pili:
Coranderrk inakupinga, ndugu yangu. Picha zile zilipangwa kwenye maonyesho ya Melbourne, watu wakitazamwa kama vielelezo vya sayansi, na sidhani kama kuna aliyewauliza. Anayetafuta jamaa zake apokelewe na wazee wanaozijua koo, wakae naye, wamfungulie picha. Hilo linawezekana bila kuzimwaga zote mtandaoni. Za maandamano sina shida nazo, watu walitoka barabarani ili waonekane. Lakini mama aliyekaa jikoni kwake na mjukuu mapajani, mnamweka kapu moja na hao kwa hoja gani?