Fundi anataka kukwangua rangi ya zamani kwa msasa, mtoto yumo ndani. Nimzuie?

Mjukuu_wa_Tanga: Habari zenu wakuu. Nyumba ya marehemu babu hapa Tanga ilijengwa miaka ya 60. Milango na madirisha ni mvule, yamepakwa rangi ya mafuta tabaka juu ya tabaka: kijani, chini yake njano, chini kabisa nyeupe. Sasa inabanduka kama magamba ya samaki, na juzi nimemkuta mwanangu wa miaka miwili anatafuna kipande barazani. Jumatatu fundi anaanza kupiga msasa mkavu, palipo sugu anachoma kwa gesi. Jirani anasema rangi hizo zina madini ya risasi. Mama watoto ni mjamzito wa miezi mitano. Nakuza mambo?

Mzee_Baraza: Sisi tumekulia humohumo na tunapumua. Paka mpya juu, yaishe.

Brashi_Mbili: Mzee shikamoo, ila hapo ni nusu tu. Kupaka juu kunafaa pale rangi ya zamani ingali imeshika. Dirisha linasuguana kila likifunguliwa, rangi mpya italika na unga wa ile ya zamani utadondoka tena.

Mleta uzi, rangi ya umri huo ichukulie kuwa ina risasi mpaka ipimwe, hasa hiyo njano. Yashushe madirisha, yapeleke uani mbali na kisima. Tandika turubai, lowesha kwa maji, kwangua mbao ikiwa mbichi, ikianza kukauka lowesha tena. Ukimaliza kunja turubai na uchafu wake ndani. Ndani ya nyumba usifagie, deki kwa tambara la maji ya sabuni. Gesi mkatalie kabisa, ule moshi ni sumu hata kwake. Mimi nimepiga msasa mkavu miaka kumi nimejifunga leso puani, narudi nyumbani na nguo zilezile nabeba watoto. Leso haizuii kitu.

Nesi_wa_Zamu: Mtoto mdogo hunyonya risasi mara 4 hadi 5 kuliko mtu mzima. Usisubiri dalili, mara nyingi hazionekani, na kinachoumia ni ubongo. Mpeleke hospitali ya mkoa, mweleze daktari kwamba amekula rangi, uliza kipimo cha risasi kwenye damu. Apimwe na wingi wa damu pia, maana akiwa na upungufu wa madini ya chuma hunyonya zaidi. Mama atoke kabla kazi haijaanza. Risasi hupita kwenye kondo ikamfikia aliye tumboni.

Mbongo_Ohio: Huku Marekani rangi hizi zilipigwa marufuku majumbani mwaka 1978. Nyumba ya kabla ya hapo, mwenye nyumba lazima akupe taarifa ya risasi kwa maandishi kabla hujasaini mkataba. Hukuzi mambo, ndugu.

Mjukuu_wa_Tanga: Asanteni sana. Fundi kanuna, anasema kazi ya maji inamchelewesha, nimemwongezea hela ya siku mbili. Mama na mtoto kesho wanapitia hospitali, halafu Muheza kwa bibi yake. Swali la mwisho: kuku wetu wanashinda wakidonoa chini ya madirisha hayohayo. Mayai tuendelee kula?

Nesi_wa_Zamu: Acheni kwanza. Kuku akila magamba hayo, risasi inafika hadi kwenye yai. Wafungieni bandani, na udongo wa juu hapo chini ya madirisha uondolewe.