Kiwanja karibu na laini ya msongo mkubwa: shemeji kanitumia utafiti wa 1979, ninunue au niachane nacho?

MamaNasra:
Habari za jioni wakuu. Naombeni ushauri, hasa kwa wenye uelewa wa mambo ya umeme au afya.

Mimi na mume wangu tumepata kiwanja huku Kibaha, bei nzuri mno ukilinganisha na viwanja vya jirani. Sababu ya unafuu inaonekana kwa macho: laini kubwa ya umeme, ile ya minara ya chuma, inapita upande wa nyuma. Kutoka chini ya nyaya hadi tunapotaka kuweka vyumba vya watoto ni kama mita 60, tumepima kwa kamba. Dalali anaapa kwamba kipo nje kabisa ya mkuza, ule ukanda wa laini usioruhusiwa kujengwa. Mume wangu ameshaandaa hela.

Shida imeanza nilipomweleza shemeji yangu aliyeko Marekani. Kanitumia makala ya kitafiti ya 1979 kutoka Denver, inasema watoto wa nyumba zilizo karibu na nyaya za umeme walikufa kwa saratani, ikiwemo ya damu, mara mbili hadi tatu zaidi ya wengine. Nimeisoma kwa Kiingereza changu cha ofisini nikaelewa nusu, na hiyo nusu imetosha kuninyima usingizi. Mume wangu anasema utafiti wa zamani hivyo hauna maana, ingekuwa kweli dunia nzima ingeshajua. Nina watoto wawili, mdogo ana miaka mitatu.

Je, utafiti huo upo kweli au ni wa kuokoteza mitandaoni? Uliishia wapi? Na mita 60 zinatosha? Wa "nunua tu, Mungu yupo" nawaheshimu sana, ila leo nahitaji namba.

ChapaIlale:
Kama hamkitaki nitumie namba ya dalali inboksi.

MzeeWaGridi:
Mama Nasra, nimefanya kazi kwenye laini za kilovolti 132 na 220 mpaka nikastaafu, na mpaka leo niko mzima. Usilichukue hilo kama ushahidi. Walioumwa hawako humu kuandika.

Nikukumbushe tu kwamba hofu hii ilianza kwetu mafundi kabla ya kufika kwa watoto. Katika miaka ya 60 Wasovieti waliripoti kuwa wafanyakazi wa vituo vya kupoza umeme vya kilovolti 500 wanalalamika kuumwa kichwa, uchovu, na hata nguvu za kiume kupungua. Kule Marekani, watu wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins chini ya William Kouwenhoven wakawafuatilia mafundi wa laini kwa miaka, wakawakuta wazima, taarifa ikatoka 1967. Huyu Kouwenhoven ndiye yule injinia aliyeshiriki kugundua ule ukandamizaji wa kifua wa kumwokoa mtu ambaye moyo umesimama, kwa hiyo sisi wa umeme tunamheshimu. Lakini mafundi wenyewe walikuwa 11 tu. Kwa watu 11 huwezi kuona ugonjwa unaompata mtu mmoja katika maelfu. Halafu Wasovieti na Wamarekani wote walikuwa wanaangalia uga wa umeme, yaani eneo linalozunguka waya ambamo nguvu ya umeme inafika. Uga wa sumaku, ambao nao huzunguka waya wenye umeme, ulikuwa haujashughulisha watu.

Habari za Denver nawaachia wenye takwimu zao. Mimi nitarudi kwenye huo mkuza, maana hapo ndipo ninapomwogopa dalali wako.

TakwimuTamu:
Dada, utafiti upo kabisa. Ulichapishwa na American Journal of Epidemiology mwaka 1979, waandishi ni Nancy Wertheimer na Ed Leeper, na ndio uliofungua mjadala wote huu wa nyaya na saratani za watoto. Mumeo asiudharau kwa sababu ya umri wake. Ila ukishajua ulivyofanyika, utaona kwa nini huwezi kuubeba hivyo hivyo hadi Kibaha.

Wertheimer alizunguka mitaa ya Denver na anwani za watoto waliofariki kwa saratani Colorado kati ya 1950 na 1973. Akaanza kuona kitu kinajirudia: transfoma na nyaya nene karibu na nyumba hizo. Leeper alikuwa mtu wa fizikia, akamsaidia kuona kinachowezekana. Uga wa umeme unazuiwa sana na ukuta na miti, lakini wa sumaku unapenya ukuta kama haupo, na nguvu yake inafuata wingi wa ampea zinazopita kwenye waya, volti hazihusiki. Basi wakagawa nyumba katika mafungu mawili, za mkondo mkubwa na za mkondo mdogo, kwa kutazama unene wa nyaya, umbali wake, na nyumba iko wapi kutoka kwenye transfoma. Wakalinganisha watoto 344 waliofariki na watoto wengine wa kufanana nao.

Umeona kinachokosekana? Makundi hayo hayakutokana na kipimo cha ndani ya nyumba, wala hakuna aliyejua vyumba vya watoto vilikuwa na uga kiasi gani miaka ile. Wamesoma nguzo kwa macho kutoka barabarani, na kwa sehemu kubwa aliyekuwa anasoma alijua nyumba ipi ni ya marehemu. Simtuhumu mtu kudanganya. Macho tu yanajipendelea yakishajua jibu. Tena mitaa yenye nyaya nene huwa ndiyo yenye nyumba za zamani, msongamano na magari mengi, kwa hiyo unaweza kulaumu waya kumbe kosa ni la moshi au la kitu kingine hapo hapo mtaani.

Na hili nadhani shemeji yako limempita: nyaya walizozitazama kwa wingi ni zile za mtaani, za kwenye nguzo za mbao, zinazoleta umeme majumbani. Minara ya chuma kama ya kwako haikuwa kiini cha utafiti. Mtu akitumia Denver kuukataa mnara wako, kwa mantiki hiyo hiyo inabidi aukatae na umeme wa mtaani kwake.

David Savitz akarudia mji ule ule, matokeo yakatoka 1988. Safari hii waliingia ndani na vipimo. Nyaya za kusoma kwa macho zikaonyesha tena uhusiano, mdogo kuliko wa kwanza. Kipimo chenyewe cha ndani kikaonyesha uhusiano dhaifu. Hili liliwaumiza watu vichwa miaka mingi. Kama sumaku ndiyo mchawi, iweje kuhesabu waya kuzidi kuipima sumaku yenyewe? Wengine walisema waya unaeleza vizuri zaidi hali ya miaka iliyopita kuliko kipimo cha siku moja. Wengine waliona tatizo liko kwenye kundi la kulinganisha, lililopatikana kwa kupiga namba za simu za kubahatisha, kwa hiyo familia maskini zikapungua humo. Mimi niko upande wa hawa wa pili, ila nakiri wa kwanza si wajinga.

MachoMatatu:
Mnazunguka mbuyu. Warusi waliupiga mawimbi ubalozi wa Marekani pale Moscow kwa zaidi ya miaka 20, kuanzia miaka ya 50, na Wamarekani wakaficha hata kwa wafanyakazi wao wenyewe. Serikali haifichi kitu kisicho na madhara. Dada usinunue.

MwlFizikia:
MachoMatatu, kufichwa kulikuwepo kweli. Wafanyakazi walikuja kuambiwa rasmi mwaka 1976, na kabla ya hapo kulikuwa na mradi wa siri uitwao Pandora, ulioanza 1965, ambao nyani walipigwa mawimbi maabara kuona kama tabia zao zitabadilika. Lakini sababu za kuficha zilikuwa nyingi, na ya kwanza ni ujasusi. Baadaye Abraham Lilienfeld wa Johns Hopkins alipewa kazi ya kuwalinganisha waliokaa Moscow na wenzao wa balozi nyingine za Ulaya Mashariki. Ripoti yake ya 1978 haikuona vifo zaidi kwa wa Moscow. Inalaumiwa, na lawama nyingine ni za haki, kwa sababu wengi walikuwa bado vijana na muda wa kuwafuatilia ulikuwa mfupi.

Kikubwa kwa Mama Nasra ni kwamba kisa hicho hakimhusu. Moscow yalikuwa mawimbi ya mikrowevu, yanayotetema mabilioni ya mara kwa sekunde, jamaa wa rada na minara ya simu. Laini ya Kibaha inatetema mara 50 kwa sekunde, yaani hezi 50. Tofauti hiyo ni kubwa mno. Mikrowevu ikizidi inapasha nyama joto, na ndiyo maana Herman Schwan mwaka 1953 alipendekeza kikomo cha miliwati 10 kwa sentimita ya mraba, akihesabu joto ambalo mwili unaweza kulitoa. Wasovieti wakaweka kikomo kikali mara elfu kwa sababu walisema mishipa ya fahamu inaguswa hata bila joto. Ugomvi huo ni mtamu na ningeweza kukesha nao, ila ni wa uzi mwingine.

Kwenye hezi 50, katika viwango vya majumbani, hakuna joto la kuzungumzia, wala hakuna nguvu ya kuvunja molekuli za mwili kama eksirei inavyofanya. Hapo ndipo tafiti za watoto zinapokwama hadi leo: namba zinaashiria kitu, lakini hakuna aliyeonyesha kitu hicho kinafanyaje kazi mwilini.

MamaNasra:
Shikamoo Mzee wa Gridi, na asanteni nyote. Sasa nimeelewa Denver. Ila shemeji kaongeza lingine: anasema Shirika la Afya Duniani limekubali kuwa sumaku ya nyaya hizi inasababisha saratani. Mume wangu kasoma hicho hicho akasema wamekubali hakuna kitu. Mtu na mumewe tunasoma karatasi moja!

TakwimuTamu:
Wote wawili wamevuta upande wao. Baada ya Denver zilikuja tafiti kubwa zaidi. Inayofanana na hali yako ni ya Sweden, ya Maria Feychting na Anders Ahlbom, iliyochapishwa 1993. Walichukua watu wote waliokaa ndani ya mita 300 kutoka laini za kilovolti 220 na 400 kati ya 1960 na 1985, wakatumia kumbukumbu za mkondo wa kila laini kukokotoa uga wa miaka hiyo. Hiyo naipenda kwa sababu haikuhitaji kumpigia mtu simu wala kumwomba aingiwe ndani. Kwa watoto wa kuanzia mikrotesla 0.2 (mikrotesla ni kipimo cha nguvu ya uga wa sumaku), saratani ya damu ilikuwa mara 2.7. Inatisha, sivyo? Sasa tazama idadi: watoto wagonjwa kwenye fungu hilo walikuwa 7. Ukiondoa wawili, hadithi inabadilika.

Wamarekani wakaja na yao 1997, ya Martha Linet, zaidi ya watoto 600 wagonjwa, na aliyesoma nyaya hakujua nyumba ni ya nani. Uhusiano wa nyaya ukayeyuka. Mwaka 2000 Ahlbom na wenzake wakakusanya data za tafiti tisa pamoja: chini ya mikrotesla 0.4 hakuna cha maana, juu yake hatari ni kama mara mbili. Watoto wa juu ya 0.4 walikuwa chini ya mmoja katika mia.

Kwa msingi huo shirika la utafiti wa saratani la WHO likaiweka sumaku ya umeme huu kwenye kundi 2B mwaka 2002, maana yake huenda inasababisha, ushahidi ni finyu. Hawakusema inasababisha. Hawakusema haisababishi. Na baadaye Waingereza waliofuatilia laini zao kuanzia 1962 hadi 2008 waliona hatari ilikuwepo miongo ya mwanzo, ikashuka hadi ikapotea, ilhali laini ziko pale pale. Kwangu hilo linanong'ona kwamba kilichoonekana zamani kilikuwa kitu cha mazingira ya mitaa ile.

MwlFizikia:
Mita 60 sasa. Taasisi ya afya ya mazingira ya Marekani ilitoa mwaka 2002 viwango vya wastani kwa laini ya kilovolti 230, karibu sawa na 220 zetu: chini ya nyaya mikrotesla 5.75, mita 30 ni 0.71, mita 61 ni 0.18, mita 91 ni 0.08. Kwa hiyo wewe uko chini ya ile 0.4, ila si mbali nayo sana, na laini yenye mzigo mkubwa inapandisha. Ukiweza, geuza ramani: sebule, jiko na stoo upande wa laini, vyumba vya watoto upande wa barabara. Hilo halikugharimu kitu.

Ukitaka kupima, azima kipimo cha kweli cha uga wa hezi 50, chenye mihimili mitatu, yaani kinachosoma pande zote tatu kwa pamoja, upime jioni watu wanapowasha kila kitu. Programu za simu achana nazo. Zinasoma sumaku ya dunia, na mitetemo 50 zinaichakachua.

MzeeWaGridi:
Marahaba mama. Nimerudi.

Upana wa mkuza unategemea msongo wa laini, na pande hizo laini za chuma ziko zaidi ya moja. Usikubali kamba ya dalali. Soma bango lililofungwa mguuni mwa mnara, lina jina la laini na namba ya mnara, piga picha. Nenda nayo ofisi ya TANESCO ya wilaya, omba wakuoneshe mpaka wa mkuza kwa maandishi, waulize pia kama kuna mpango wa kuongeza laini sambamba. Hilo la pili watu husahau kuuliza, na ndilo linalowafanya waje kuwekewa X ukutani wakiwa wameshapiga lipu. Kisha nenda ofisi ya ardhi, uone kiwanja kimepimwa au ni shamba limekatwa kwa jembe.

Kama ungekuwa binti yangu ningekwambia: kikiwa nje ya mkuza kwa karatasi, nunua na ugeuze vyumba. Karatasi ikikosekana, achana nacho hata kikiwa bure.

MachoMatatu:
Mimi bado nasema usinunue. Hela yako lakini.

MamaNasra:
Nimemsomea mume wangu uzi wote. Kaafiki vyumba vigeuzwe na twende ofisini kwanza kabla ya hela kutoka. Tumempigia dalali tukamwambia asubiri, kasema kuna mteja mwingine yuko njiani na hela taslimu.

MzeeWaGridi:
Dalali gani hana mteja mwingine? Mwambie huyo mteja atangulie kuulizia mkuza, akipata jibu akuletee nakala.