Ripoti za maabara katika shahada ya uhandisi wa umeme zinatufundisha kupika namba

Wadau, naomba nilalamike bila kuzunguka. Katika shahada ya kwanza ya uhandisi wa umeme, mahali ambapo mwanafunzi anakutana na umeme wenyewe, badala ya michoro yake ubaoni, ni maabara. Na ni hapo hapo ndipo anapozoeshwa kuandika uongo unaopendeza macho. Sisemi kwamba yupo mhadhiri anayesimama mbele na kutuamuru tudanganye. Ninachosema ni kwamba alama zinatolewa kwa namna ambayo aliyeandika alichokiona huzipoteza, na aliyeandika kilichotarajiwa huzivuna.

Utaratibu wenyewe kila aliyepita huko anaujua. Mwongozo wa jaribio unaanza na nadharia, unafuata mchoro wa saketi, kisha jedwali lenye safu mbili, moja ya thamani iliyokokotolewa na nyingine ya thamani iliyopimwa, na chini yake mwanafunzi anatakiwa kuandika asilimia ya kosa. Msahihishaji mwenye rundo la ripoti mezani huikimbilia asilimia hiyo na kuyaacha mengine. Ikiwa ndogo, wewe ni hodari. Ikiwa kubwa, hukuwa makini. Ndiyo maana wanafunzi wengi huijaza safu ya pili wakiwa wamekwisha kurudi vyumbani, kwa kuchukua namba za safu ya kwanza na kuzipunguza au kuziongeza kidogo zisionekane zimenakiliwa, na wengine hawajisumbui hata kwa kiasi hicho kwa kuwa ripoti za waliotangulia zipo na hurithishwa kila mwaka. Mwongozo nao hakuna anayeubadilisha, kwa hiyo urithi huo hauchakai.

Kinachonikera kuliko udanganyifu wenyewe ni kwamba tofauti kati ya safu hizo mbili ndiyo somo. Chukua jaribio dogo kabisa, la rezista mbili (vipande vinavyokinza mkondo) za megaomu 1 kila moja, zilizounganishwa mfululizo kwenye volti 10. Kwenye karatasi, kila rezista inabeba volti 5. Pima moja kwa multimita, yaani kipimaumeme cha mkononi, ya kawaida ya dijitali, ambayo ukinzani wake wa ndani ni megaomu 10, nayo itakuonyesha takriban volti 4.76, kwa sababu multimita imeingia katika saketi na kuushusha ukinzani wa upande unaopimwa. Rezista ni nzima, multimita ni nzima, na mwanafunzi hajakosea popote. Akiachwa ahangaike na swali la wapi zilikokwenda zile volti 0.24, atatoka maabara akijua kwamba hakuna kipimo kisichokigusa kinachopimwa. Akiandika 4.98 ili akalale mapema, hajui chochote kipya, na amepewa alama kamili kwa kutokujua huko.

Vivyo hivyo kwa multimita za bei nafuu zinazopima wastani wa wimbi na kuuzidisha kwa 1.11, hesabu iliyo sahihi kwa wimbi la sini, lile linalopanda na kushuka kwa mpindo laini, peke yake. Ukiipa multimita kama hiyo wimbi la mraba linalopanda hadi volti 5 na kushuka hadi volti 5 hasi, itakusomea takriban 5.55, ingawa thamani fanisi ya wimbi hilo, yaani volti za mkondo mnyoofu ambazo zingetoa joto lile lile, ni 5 kamili. Mhandisi asiyelijua hilo atazisoma vibaya saketi zote ambamo mkondo si wa sini, na leo saketi hizo ni nyingi mno. Hata mkondo ambao transfoma huuvuta ikiwa haina mzigo hauna umbo la sini, kwa sababu ya tabia ya sumaku ya kiini chake, lakini ripoti zote za jaribio hilo zina mchoro wa wimbi lililonyooka vizuri kama lililochorwa kwa bikari.

Sasa nije kwenye lililonifanya nifungue uzi huu. Tulipewa amplifaya ya 741, kifaa cha kukuza mawimbi ya umeme kilichoanza kuuzwa mwaka 1968 na ambacho tabia zake zimeandikwa wazi katika hati za watengenezaji, tukaambiwa tuipange ikuze mara 100 na tuipime kwa frikwensi mbalimbali. Ukuzaji ukizidishwa kwa frikwensi, kifaa hiki kinaishia karibu na megahezi 1, kwa hiyo kikipangwa kukuza mara 100 kinaanza kuchoka kwenye kilohezi 10, na kwenye kilohezi 20 kinakuza takriban mara 45 tu. Niliandika 45, nikaambatisha hesabu ya sababu. Ripoti ilirudi na wino mwekundu na agizo la kurudia kipimo. Kikundi cha meza ya jirani kiliandika 98 kwa frikwensi hiyo hiyo, namba ambayo kifaa hicho hakiwezi kuitoa hata kikibembelezwa, nacho kikapongezwa kwa umakini. Nilipokwenda kuuliza, niliambiwa kwamba mwongozo unasema 100.

Najua majibu yatakayokuja. Vifaa ni vichache, meza moja inazungukwa na kundi zima na mikono inayogusa waya ni ya mtu mmoja au wawili, na wahadhiri wana kazi nyingi. Hayo ni kweli, lakini hayahusiani na lalamiko langu. Kumpa alama mwanafunzi aliyeeleza kwa nini kipimo kimetofautiana na hesabu hakuhitaji osiloskopu mpya, ile mashine ya kuonyesha mawimbi ya umeme. Kunahitaji msahihishaji anayesoma aya moja.

Wapo pia watakaosema kwamba haya ni mambo ya shule tu, na kwamba kazini mtu hubadilika. Atabadilishwa na nini? Kiwango cha kimataifa cha IEC 60364, kinachohusu uwekaji wa umeme majengoni, kinataka saketi ya volti zisizozidi 500 iwe na ukinzani wa kihami (ganda linalozuia umeme kuvuja kwenye waya) usiopungua megaomu 1 kabla ya kukabidhiwa, na anayepima ni mtu aliye peke yake na fomu yenye safu tupu, saa za jioni, mteja akisubiri. Mtu huyo amefundishwa kwa miaka yote ya shahada kwamba safu tupu hujazwa kwa namba inayotarajiwa. Sioni kwa nini tushangae akiijaza.

Ninachotaka si kikubwa. Namba ziandikwe kwa wino katika daftari la maabara wakati wa kupima na zisainiwe na msimamizi kabla ya mwanafunzi kutoka, ili zisiweze kurekebishwa usiku. Safu ya asilimia ya kosa iondolewe katika hesabu ya alama, na alama hizo zihamishiwe kwenye maelezo ya chanzo cha tofauti. Miongozo ibadilishwe thamani za vifaa kila mwaka, kazi ambayo haimalizi mchana mmoja. Na kama humu wamo wanaosahihisha ripoti hizi, naomba mmoja wao aje anieleze, kwa hesabu na si kwa cheo, ile 98 ilipatikanaje.