Pikipiki ya mkopo, bima kakata mkopeshaji. Nikate bima kubwa mwenyewe au niache? (Tanga)

MpwaWaChumbageni

Wakuu, salaam. Naomba ushauri wenu, jambo hili limeninyima usingizi wiki nzima.

Mimi ni bodaboda, kijiwe changu kiko jirani na stendi ya Kange. Miezi kumi iliyopita nilichukua Boxer mpya kwa mkopo. Dukani taslimu ilikuwa 2,900,000. Nilitanguliza 500,000, kisha marejesho 50,000 kila wiki kwa wiki 78. Nimeshalipa wiki 43, sijaruka hata moja. Wiki ile mke wangu amejifungua pale Bombo nililipa vilevile. Kadi ya pikipiki iko kwao na ufunguo wa akiba uko kwao. Mimi nina kopi ya kadi na stika tu.

Juzi mwenzangu wa kijiweni kaibiwa yake Sahare, saa tano usiku. Abiria alimwambia ngoja nikuletee hela ndani. Alipoona kimya akamfuata mpaka mlangoni, kurudi chombo hakipo. Naye alikuwa wa mkopo, mwezi wa 14. Kaenda kwa waliomkopesha, kaambiwa bima yake haihusiki na wizi na marejesho yanaendelea kama kawaida. Sasa hivi anaomba deiwaka kwenye pikipiki za wenzake ili alipie pikipiki ambayo hana. Asubuhi anakuja kijiweni na helmeti yake mkononi, anakaa.

Mimi siku nasaini niliambiwa "bima imo humo humo kwenye marejesho". Sikuuliza zaidi ya hapo. Je, bima niliyonayo ni ipi? Naweza kukata bima kubwa mwenyewe wakati kadi haina jina langu? Na ikiibiwa leo, hela analipwa nani?

Gari Kubwa

Pole sana kwa mwenzio. Wengi tunajua stika kwa sababu ya trafiki tu. Akiiona iko hai anakuruhusu, nawe unadhani uko salama.

Dada wa Stika

Kaka, mimi ni wakala wa bima hapa Tanga mjini, mwaka wa tisa sasa. Ngoja nikujibu taratibu, swali lako naletewa mezani kila mwezi na mara nyingi naletewa likiwa limeshaharibika.

Kwanza, usikisie una bima gani. Ingia kwenye mfumo wa TIRA-MIS kwa simu yako, ule wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, weka namba ya pikipiki inayoanza na MC au namba ya stika. Soma mambo manne: aina ya bima, jina la mwenye bima, matumizi ya chombo, na tarehe ya mwisho. Hilo la matumizi watu wanalipita. Kama pameandikwa matumizi binafsi na wewe unabeba abiria kwa malipo, siku ya ajali kampuni ina sababu ya kukukatalia, hata kama ada ililipwa yote.

Bima ya lazima kisheria, ile ya Sura ya 169, ni ya mtu wa tatu. Inamfidia uliyemgonga. Haikutengenezei pikipiki, haikurudishii iliyoibiwa, na wewe dereva ukivunjika mguu haikutibu. Ukitaka wizi, moto na uharibifu wa chombo chako mwenyewe ni bima kubwa. Na ukitaka mwili wako uangaliwe, hapo ni bima ya ajali binafsi, inakatwa peke yake.

Kuhusu jina la kadi: bima inakatwa na mtu ambaye chombo kikipotea naye anapata hasara. Mkopeshaji anapata hasara kwa deni lililobaki, wewe kwa ulicholipa. Kwa hiyo unaweza, lakini usiende kimyakimya. Pata barua yao ya kukubali, na kwenye hati ya bima pote pawili paandikwe: wewe kama mwenye bima, wao kama mnufaika wa kwanza. Bima mbili kubwa kwa pikipiki moja hazilipi mara mbili, usije ukapoteza hela hapo.

Kijana wa Makorora

Mimi naona tofauti kidogo. Nilizungukia kampuni tatu nikitaka bima kubwa ya bodaboda. Mbili zilinikatalia waziwazi, ya tatu ikataka hela ambayo kwa Tanga hii, siku ya mvua unarudi na elfu sita, huipati. Nilichofanya: nimefunga kifaa cha kufuatilia chombo, nina kufuli la mnyororo, na elfu mbili kila siku inaingia kwenye kibubu cha simu. Mwaka ukiisha nina zaidi ya laki saba, zangu.

Dada wa Stika

Kijana wa Makorora, akiba ni jambo jema na kufuli ndilo jema zaidi, sikupingi. Ila hesabu yako inakaa sawa chombo kikiibiwa mwezi wa 12. Kikiibiwa mwezi wa tatu una laki na themanini kwenye kibubu na deni la zaidi ya milioni tatu mgongoni. Kwa mwenye pikipiki iliyokwisha lipwa ningekuunga mkono. Kwa mwenye mkopo, hapana.

Mzee wa Mwakidila

Vijana, nimeendesha tangu bodaboda hazijajaa mji huu, enzi watu wa Tanga tunatembea na baiskeli. Nawaambia moja tu: mshikaki. Ukipakia wawili, siku hiyo hiyo umeitupa bima yako baharini. Mwanangu wa kumzaa aligongwa barabara ya Pongwe akiwa na abiria wawili, mmoja mwanafunzi. Kosa halikuwa lake, lakini maswali ya kwanza yote yalikuwa juu ya yule abiria wa pili. Na jingine, ukianguka usikubali kuyamaliza pale pale kwa elfu ishirini. Nenda polisi upate ripoti, na mwenye jeraha apate PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali. Bila karatasi huna madai.

MpwaWaChumbageni

Shikamoo mzee wangu, pole kwa kijana. Nimekusikia.

Dada, ahsante sana. Nimeingia TIRA-MIS usiku huu. Stika ni halali. Aina: bima ya mtu wa tatu. Matumizi: binafsi. Inaisha siku 51 kuanzia leo. Marejesho yangu yana miezi minane mbele. Kwa hiyo miezi kumi nimebeba abiria Kange, Raskazone, mpaka Amboni, na hata hiyo ndogo haikuandikwa kwa kazi ninayoifanya. Mikono inanitetemeka naandika hivi.

Bint Ngamiani

Tulia kwanza kaka. Nilifanya kazi ofisi ya mikopo miaka mitatu, siyo hiyo yako. Chukua mkataba wako, tafuta jedwali la gharama. Kama pana mstari wa bima, angalia kiasi na jina la bima waliyokutoza. Wengine wanakata bima mwaka wa kwanza tu, halafu kipengele kidogo kule nyuma kinasema kuihuisha ni jukumu la mkopaji. Huna mkataba? Omba nakala, ni haki yako. Wakopeshaji hawa wako chini ya Benki Kuu kwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, na wanalijua hilo.

Swali lako la tatu sijaona limejibiwa, nami nalitaka lieleweke, hapo ndipo watu wanalia. Tuseme una bima kubwa na chombo kimeibiwa leo. Kampuni haikulipi 2,900,000 ya dukani. Inalipa thamani ya siku ya tukio. Boxer ya miezi kumi kwenye kazi, na chumvi hii ya bahari yetu, tuseme ni 1,900,000. Wanatoa sehemu unayobeba mwenyewe, tuseme asilimia 10, inabaki 1,710,000. Mnufaika wa kwanza ni mkopeshaji. Wiki zako 35 zilizobaki ni 1,750,000. Umeona? Hela yote imekwenda, na bado unadaiwa 40,000.

Lakini usikubali wakuhesabie wiki 35 mara 50,000. Humo ndani mna riba ya miezi ambayo haijafika. Uliza hivi, kwa maandishi: "nikitaka kufunga mkopo leo nalipa kiasi gani?" Mara nyingi ni kidogo kuliko jumla ya marejesho. Halafu kwenye hati ya bima mkopeshaji awe mnufaika *kwa kiasi cha deni lililobaki*, kinachozidi kije kwako. Sentensi hiyo ikikosekana, utaanza kuwafuata ofisini kuomba hela yako.

Kijana wa Makorora

Hapo kwenye kufunga mkopo nimejifunza. Sikulijua.

Dada wa Stika

Bint Ngamiani kamaliza. Naongeza la ufunguo. Pikipiki ikiibiwa kampuni huomba funguo zote mbili. Mmoja uko kwa mkopeshaji, kwa hiyo bila ushirikiano wao madai yako hayasogei. Waandike kwenye barua kwamba ufunguo wa akiba wanao wao. Na ule wako usiuache kwenye chombo hata kama unashuka kumpa abiria chenji. Hilo nalo ni sababu ya kukataliwa.

Gari Kubwa

Na walio kwenye mkataba wa tajiri je? Kadi jina la tajiri, hesabu elfu kumi kwa siku, karatasi ni ya kuandika kwa mkono.

Dada wa Stika

Ni yale yale kaka, ila huyo tajiri ndiye mwenye bima. Aandike kwenye hiyo karatasi yenu chombo kikiibiwa nani anabeba nini, na fidia ikija inagawanywaje. Kama hajaandika, mwombe sasa mkiwa bado mnaelewana.

MpwaWaChumbageni

Wakuu, narudi na majibu. Nimekwenda ofisini kwao Alhamisi nikiwa na maswali ya Bint Ngamiani kwenye karatasi. Yule kijana wa kaunta alinipokea vizuri, akaita mkubwa wake.

Mkataba wangu unasema bima ni ya mtu wa tatu, mwaka wa kwanza, mwaka wa pili ni juu yangu. Ukurasa wa nne, na saini yangu iko chini yake. Hapo sina la kusema. Nimeomba kiasi cha kufunga mkopo leo: 1,480,000. Nilikuwa najua nadaiwa 1,750,000. Wamenipa kwa maandishi na muhuri.

Kosa la matumizi wamelikubali. Wamempigia wakala wao, nimelipa tofauti, na jana nimeangalia TIRA-MIS imesomeka kubeba abiria. Bima kubwa nimepata kwa kampuni ya pili niliyoulizia, itaanza ya sasa ikiisha. Ada nitakusanya kwa siku hizi 51, nimeshaanza kuweka elfu nne kila jioni. Barua ya mkopeshaji ninayo, imetaja ufunguo, na imesema mnufaika kwa deni lililobaki.

Sasa la mwenzangu. Nilimwambia alete mkataba wake, tukausoma wawili chini ya mwarobaini pale kijiweni. Jedwali lake la gharama lina mstari: bima kubwa, na hela yake alitozwa. TIRA-MIS inasema mtu wa tatu. Tumesoma mara tatu tukidhani tumekosea.

Bint Ngamiani

Usikosee hapo. Piga picha kila ukurasa na uchapishe hiyo ya TIRA-MIS. Aandike malalamiko kwa mkopeshaji, abaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Wakikaa kimya au wakikataa, hatua inayofuata ni Benki Kuu. Ikigundulika bima kubwa ilikatwa kweli na kampuni ndiyo inakataa kulipa, hapo ni kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. RB ya wizi, ile namba ya taarifa ya polisi, anayo?

MpwaWaChumbageni

Anayo, aliandikisha Chumbageni usiku ule ule. Na ufunguo wake anao, hakuuacha kwenye chombo. Barua tumeiandika leo, binti yake wa kidato cha tatu katusaidia kuinyoosha. Jumatatu saa mbili asubuhi naenda naye, nitampakia mimi.