Mrejesho: nyongeza za nyumba mpya Kigamboni

Wakuu, niliuliza kama kwenye nyumba ninayonunua ikimaliziwa nilipie makabati ya jikoni na dari ya jipsamu, au nyaya na mabomba ya ziada. Jumamosi nimekabidhiwa funguo.

Niliwasikiliza mliosema vianze vinavyofukiwa ukutani: nyaya za AC vyumba viwili, bomba la maji moto, laini ya jiko la umeme. Kutindua ukuta wenye vigae baadaye ni kilio. Makabati nimempa seremala wa mtaani, karibu nusu ya bei ya wajenzi walioniuzia nyumba.

Nilipokosea ni bafuni. Nilipenda vigae vinavyong'aa; vikilowa ni utelezi mtupu, mama mkwe keshateleza (hakuumia, ila maneno nimeyasikia). Na mnara wa tangi la maji nilisahau kabisa. Natafuta fundi.