Jua la Mtwara na bakteria wanaokula methani kwenye udongo wa dampo

Kijana wa Mikindani:
Wakuu habari zenu. Nipo kwenye kazi ya kufunika taka dampo huku Mtwara, tunamwaga udongo mwekundu tunashindilia basi, sasa nimesoma kwamba ndani ya huo udongo kuna bakteria wanakula methani, ile gesi ya taka zinazooza, kabla haijatoka hewani. Juzi saa nane mchana nimechomeka kipimajoto sentimita mbili tu, nyuzi 47! Kwa moto huu hao viumbe wanapona kweli?

Fundi Mboji:
Wanapona mkuu, ila sio hapo juu. Wengi wao wanachapa kazi nyuzi 25 hadi 35, ikizidi 40 wengi wanaanza kushindwa, na baridi ya chini ya 10 inawazubaisha kabisa, ndo maana huko Ulaya msimu wa baridi gesi inatoka nyingi zaidi. Sisi joto tunalo mwaka mzima. Chimba sentimita 20 upime tena mchana na alfajiri.

Binti Lindi:
Joto lenyewe sio adui sana kaka, adui ni ukavu unaokuja nalo. Mwezi wa 11 kabla ya mvua udongo wa mfinyanzi unapasuka, gesi inapita kwenye nyufa moja kwa moja na bakteria hawaioni hata. Zikija mvua nako maji yanajaa kwenye vitundu, oksijeni haishuki, na bila oksijeni hawawezi kuila methani. Na hapo kwenye kushindilia ndo mnawabania pumzi kabisa jamani. Methani ni hiyohiyo ya gesi asilia ya Msimbati na Songosongo, ikipanda bure hewani inashika joto kama mara 28 ya kaboni dayoksaidi kwa miaka 100, inaniuma sana.

Kijana wa Mikindani:
Nimerudi. Sentimita 20 mchana 33, alfajiri 31, haichezi! Bonge la juu gumu kama tofali, la chini lina unyevu kidogo na mizizi ya nyasi imeshuka mpaka huko. Sasa dada tusishindilie kabisa?

Fundi Mboji:
Shindilieni kidogo tu tabaka la chini, juu yake mwage mboji iliyoiva vizuri, ile mbichi inakula oksijeni yenyewe. Ya majani ya mikorosho inafaa, halafu nyasi ziacheni, zinaweka kivuli.

Kijana wa Mikindani:
Poa, Jumatatu naanza na kipande cha mita tano kwa tano, naomba mwenye mboji ya kuanzia aniambie.